Maneno Manne ya Kumwandika Aliyeondoka

Siku mliyoniaga, makarani wenzangu, mmoja wenu alisimama akasema nimeandika majina ya watu wengi kuliko nyota za mbinguni. Namshukuru, ingawa alipunguza kidogo. Kisha mkanishika shati mlangoni, mkasema mzee usiondoke na mambo yote kichwani, tuachie maandishi. Haya, nawaachia. Mishahara sitaitaja kwa sababu inasikitisha, na vyeo sitavitaja kwa sababu vinachekesha. Nitawaeleza kazi yenyewe, kazi ya kuandika watu wanaoondoka makwao, niliyoifanya bomani tangu nywele zangu zikiwa nyingi mpaka zilipohama zenyewe bila kuomba ruhusa.

Mnanijua mimi ni mtu wa kucheka. Habari hii inaanza kwa kucheka, lakini haiendi mbali hivyo.

Nilizaliwa upande wa Mgori, kwa wakulima, na baba alitaka nishike jembe. Nilipokuja mjini Singida, mchana nilipima chumvi katika duka la tajiri mmoja, na jua likizama nikaenda shule ya usiku. Taa ilikuwa moja na wanafunzi tulikuwa kama thelathini, kwa hiyo waliokaa nyuma walisoma kwa kunusa. Mimi nilikaa nyuma miaka miwili. Mwaka wa tatu mwanafunzi wa mbele alioa akaacha masomo, nikasogea kwenye mwanga, nikagundua kwamba herufi nilizokuwa nikiziandika zilikuwa zimelala chali. Nilipopata cheti, muhuri wake ulikuwa mkubwa kuliko maandishi. Nilikikunja nikakiweka mfukoni, nikaingia bomani nikitembea kama niliyeijenga nyumba ile.

Aliyenipokea ni karani mkuu wa daftari, Mzee Salumu bin Feruzi, mtu wa mjini, kanzu yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kuikatia nyama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kuandika?"

"Najua sana."

"Andika jina langu."

Niliandika kabla hajafunga mdomo. Aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaniangalia.

"Mwandiko mzuri. Ila umeandika na hujaniuliza mimi ni nani."

"Nimeshaambiwa pale mlangoni, mzee."

"Mlangoni," akasema. Akaichana ile karatasi vipande vinne bila hasira, akaniambia nikachanganye wino.

Wino siku zile ulikuwa unga. Ukiuzidisha maji, maneno yanafifia baada ya mvua mbili. Ukiupunguza, kalamu inakwaruza kama kuku jalalani. Kalamu yenyewe ni ya kuchovya, na ncha yake ukiiangusha mara moja chini, haitaandika tena neno la amani. Hizo ndizo zana zetu, pamoja na rula, karatasi ya kunyonyea wino, na daftari. Daftari lile lilikuwa zito kiasi kwamba ukiliweka upande mmoja wa meza, boma zima linainama. Lilikuwa na safu za jina la mwenye nyumba, idadi ya watu, jumbe wake, alikotoka, aendako, na mwisho kabisa kwenye ukingo safu nyembamba ya upana wa vidole viwili, iliyoitwa Sababu. Ndani ya jalada, Bwana Shauri mmoja wa zamani, mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa amebandika karatasi yenye maneno yanayoruhusiwa katika safu hiyo. Yalikuwa manne tu: Amehama. Ametoroka. Amekufa. Amepotea. Neno la tano karani haruhusiwi kuliandika, hata kama mtu ameliwa na simba mbele yake.

Mzee Salumu alikuwa na maneno yake mengine, kichwani. Tulipokuwa tukisubiri wino ukauke, alinifundisha kama sheikh anavyofundisha chuoni.

"Mtu amehama. Maana yake nini?"

"Ameondoka akaenda mahali pengine."

"Hapana. Huyo ni ng'ombe. Mtu amehama ni pale alipoichagua siku mwenyewe, akabeba na jiwe lake la kusagia. Siku akichaguliwa na mwingine, huyo amehamishwa. Siku isipochaguliwa na mtu yeyote, amekimbia."

"Na aliyekwenda mashamba ya mkonge?"

"Alienda mwenyewe au alihesabiwa kwenye lori?"

"Alihesabiwa."

"Basi amechukuliwa. Akikaa huko mpaka anasahau njia, amelowea. Watoto wake hawakulowea, wao wamezaliwa huko, usiwachanganye. Na neno kutawanyika usimwandikie mtu mmoja kamwe. Mtu mmoja hatawanyiki. Inahitaji nyumba nzima."

"Na kupotea, mzee?"

Alilifunga daftari taratibu. "Hilo halimhusu aliyeondoka. Ukiandika mtu amepotea, umejiandika wewe kwamba hujui aliko. Mimi nimelitumia mara tatu katika maisha yangu, na mara zote nilikuwa mvivu."

Nilimwuliza kwao ni wapi. Nilidhani atasema Tabora au Bagamoyo. Alisema bibi yake alitoka nchi moja ya magharibi ng'ambo ya ziwa, alikuwa msichana wa kuchota maji, na alifika hapa katikati ya nchi amefungwa shingo pamoja na wasichana wengine. Msafara ulimwacha kwa sababu ya mguu. "Kwa hiyo sisi hatukuhama," alisema. "Sisi tuliletwa. Kijiji chake alikitaja kila siku mpaka anakufa, na sisi wajukuu hatujui hata kama tunakitamka sawasawa."

Niliendelea kumimina wino kidauni. Alinionyesha kwa kidole kwamba kidau kimejaa mno.

Alikuwa na desturi moja ya kazi, na hii ndiyo nataka muishike kuliko zote. Akifika kijijini kuandika watu, siku ya kwanza haandiki. Kalamu inabaki mfukoni. Anakaribishwa, anaketi, anapewa maji ya kunywa, anakunywa, anauliza habari za mvua na za mifugo. Watu wanamwangalia, yeye anawaangalia. Kalamu anaitoa kesho yake. Nilimfuata hivyo Iguguno tulipokwenda kuandika nyumba zilizoondoka mwaka wa njaa. Siku nzima tulikunywa maji mpaka nikawa nasikia mawimbi tumboni. Kesho yake bibi mmoja alitueleza peke yake habari za nyumba kumi na saba, nani kaenda wapi na nani alimfuata nani na kwa nini, hata mbwa aliwataja. Tuliandika zote bila kosa. Njiani nikasema mzee, siku moja ile tungeandika vijiji viwili. Akanijibu kwamba tungeandika vijiji viwili vya uongo.

Nikafanya naye kazi miaka mingi. Nikawa karani kamili, na sifa zangu za kuandika haraka zikafika Manyoni. Hapo ndipo ikaja habari ya malale, ule ugonjwa wa usingizi.

Huko magharibi ya Itigi, katika pori lile la miti mirefu, waliishi Wakimbu, nyumba tano hapa, nyumba nane kule, kutwa nzima ya mwendo kati ya kitongoji na kitongoji. Ni watu wa nyuki. Mbung'o walikuwa wengi huko, na malale ilikuwa kweli, sitaki mtu aniambie ilikuwa uongo wa wazungu. Niliona kwa macho yangu mtu mzima amelala na tonge mdomoni. Serikali ikaamua watu wote watolewe porini, wawekwe katika makazi makubwa matatu yaliyofyekwa, nyumba zikikaribiana, mganga apite na sindano yake. Vitongoji vichomwe ili mtu asirudi. Pori lifungwe. Atakayetaka kutoka kwenye makazi awe na barua ya ruhusa, na barua itatolewa kwa kuangalia daftari.

Mzee Salumu wakati huo miguu ilikuwa imevimba, hawezi safari. Nikatumwa mimi.

Kitongoji cha mwisho kiliitwa Ipululu. Tulifika saa nne asubuhi na malori matatu, na Bwana mmoja kijana aliyekuwa na haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni Uingereza. Meza yangu iliwekwa kwenye kivuli cha lori. Tarishi wetu alijua Kikimbu kidogo, na wao wengi walijua Kiswahili cha kununulia chumvi. Wanawake walikuja na kibuyu cha maji na kigoda.

"Karibu, karani. Keti kule ndani, upoe kwanza," mmoja akaniambia.

"Maji nitayanywa Itigi, mama. Pangeni mstari."

Wakatazamana. Wakapanga mstari. Nililiona jambo moja, na niliona haraka kwa sababu mimi ni mtu wa haraka: kwenye mstari wanaume walikuwa wazee na wagonjwa. Sikuuliza. Niliandika nyumba za mbele, wazee wakajitaja wenyewe na kutaja wana wao, mambo yakaenda. Akafika mwanamke mmoja, mrefu, kitambaa cheusi kiunoni.

"Jina lako?"

"Kalunde."

"Mume wako?"

Akakaza kitambaa kiunoni.

"Mama, nauliza mume."

"Andika nyumba," akasema.

"Nyumba haina jina. Mwenye nyumba ni nani?"

Akaangalia mikono yangu. Wanawake nyuma yake wakaanza kusema wote kwa pamoja kwa Kikimbu, na mmoja akatoa Kiswahili, "Karani, hawezi kukujibu hilo leo. Njoo uketi tukueleze."

"Alikufa?" nikamwuliza Kalunde.

Akatema mate pembeni. "Usiseme hivyo."

"Alikutoroka?"

Hapo wanawake wakacheka. Yule mmoja akasema, "Kwa maswali hayo, wewe ndiye utakayetorokwa." Na mimi nikacheka, nakiri, nilicheka sana. Kisha Bwana akatoa saa yake mfukoni, akaiangalia, akaniangalia mimi. Kulikuwa na nyumba bado.

Nikachovya kalamu. Jina la mwenye nyumba: Kalunde. Mume: nikaacha wazi. Sababu: Amepotea.

Ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Na amri ilikuwa kwamba mwanamke asiye na mume afuate ndugu yake wa kiume. Kaka yake Kalunde alikuwa wa kitongoji kingine, kilichoandikwa kwenda makazi ya karibu na Mitundu. Watu wa Ipululu walikwenda makazi ya mbali, magharibi. Kwa hiyo Kalunde alipandishwa lori la tatu peke yake, jiwe lake la kusagia likabaki chini kwa sababu dereva alisema linaharibu mbao. Nyumba zilianza kuwaka kabla malori hayajawashwa. Paa la nyasi kavu linaungua haraka, sauti yake ni kama mvua inayokuja. Nilirudi bomani nimeandika vitongoji kumi na moja kwa siku tisa, na Bwana akanisifu mbele ya watu.

Ilipita mvua, yakapita mavuno. Katika kipindi hicho zilikuja bomani barua mbili kutoka makazi ya magharibi, zimeandikwa na jumbe kwa niaba ya mtu aitwaye Maganga, anayeomba ruhusa ya kwenda kumchukua mke wake, Kalunde, ambaye hajui yuko makazi gani. Barua zote mbili nilizijibu mimi. Nilifungua daftari, nikamtafuta Maganga wa Ipululu, hayumo. Nikamtafuta Kalunde, nikamkuta hana mume. Nikajibu kwa mwandiko mzuri: Jina la mwombaji halimo daftarini. Mwanamke aliyetajwa hana mume. Ruhusa haiwezi kutolewa.

Mara ya tatu haikuja barua. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, akikatiza pori lililofungwa, siku nane. Nilinyanyua kichwa nikamwona amesimama mlangoni, mtu mwembamba, kovu linatoka sikioni mpaka kwenye kona ya mdomo, na begani amebeba kamba ndefu ya magome iliyosokotwa, imezungushwa mara nyingi. Tarishi alitaka kumtoa. Mzee Salumu, ambaye siku hizo alikuwa akija bomani kuketi tu, akasema mwacheni.

"Mimi ni Maganga," yule mtu akasema. "Nimeambiwa hapa kuna kitabu kinachosema sipo."

Nikafungua. Nikamsomea. Nilipofika kwenye neno lile, nililisoma haraka: Amepotea.

"Amepotea nani?" akauliza.

"Mume wa Kalunde."

"Mimi sijapotea. Mimi nilikuwa mahali pangu, kambini, narina asali, wanaume wote wa Ipululu tulikuwa huko. Mwezi mmoja, kama kila mwaka. Nikarudi na asali yangu nikakuta majivu. Kijiji kilikuwa hapo, wewe umekipeleka wapi?"

"Nilimwuliza mke wako. Hakusema yuko wapi mumewe."

"Angesemaje?"

Akatueleza, na alitueleza polepole kama unavyomweleza mgeni ambaye hana kosa, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Kwao, mume akiwa kambini kwa asali, mke hamtaji jina, wala hasemi kama yupo au hayupo. Mtu yuko juu ya mti mrefu, ananing'inia kwenye kamba, nyuki wamemzunguka. Jina lake likitamkwa nyumbani, anaanguka. Mke anafunga mdomo mpaka mume arudi, atundike kamba juu ya mlango wa nyumba yake. Kamba ikishatundikwa, mke anamwita kwa jina, na hapo ndipo amerudi. Mwanamke yeyote wa Ipululu angekueleza hivyo, akasema, mradi umeketi chini, maana hizo si habari za kusemwa mtu amesimama.

"Na hao wengine ambao waume zao walikuwa kambini?" nikauliza. "Mbona niliwaandika sawa?"

"Hao wana baba wakwe. Baba mkwe anaruhusiwa kutaja. Mimi baba yangu alikufa."

"Na hiyo kamba?"

Akaishika begani. "Nitundike wapi? Mlango mmeuchoma."

Mzee Salumu alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alisema neno moja tu, bila kugeuka. "Ulikunywa maji yao?"

Nikalifunga daftari, nikaenda kubisha mlango wa Bwana Shauri.

Bwana Shauri alinipa ruhusa ya siku kumi, akasema nisahihishe kosa kwa wino mwekundu na kutia sahihi pembeni. Nililibeba daftari lenyewe, nimelifunga kwenye gunia. Tukapanda lori la chumvi mpaka Itigi, kutoka pale tukaenda kwa miguu. Njiani Maganga hakuninunia. Alinionyesha ndege anayeongoza watu kwenye nyuki, akaniuliza habari za watoto wangu, na nilipochoka alibeba gunia la daftari juu ya ile kamba yake. Nilikuwa natembea nyuma ya mtu aliyebeba kosa langu mgongoni, sina la kufanya ila kuhesabu nyayo.

Tulifika makazi ya Mitundu siku ya tatu, mchana. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari kama meno. Aliyetupokea ni mke wa kaka yake Kalunde, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini. Alimwangalia Maganga, akaliangalia kovu, akaiangalia kamba. Akaketi chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Shemeji," akasema. "Kumbe ni wewe mwenyewe."

"Ni mimi. Yuko wapi?"

Akainuka. Akaingia ndani akatuletea maji. Safari hii nilikunywa mpaka chini.

"Alikaa hapa anangoja," akasema. "Kila mtu anayepita alimwuliza. Lakini jina hataji. Anauliza, hujaona mtu wa mizinga, ana kovu hivi? Sisi tukamwambia, wifi, taja jina tumtume mtu. Akasema hapana, mtaniulia mume. Mume wangu akamgombeza. Akasema nyumba ya kutundikia kamba itajengwa wapi, kama mtu ameanguka kwa sababu ya mdomo wangu?"

"Yuko wapi, shemeji?"

"Likaja lori la kuchukua manamba, vibarua wa mkataba. Dereva wake akasema huko mashamba ya mkonge, chini kule upande wa pwani, amemwona mtu ana kovu la namna hiyo hiyo. Wakamchukua awe mpishi wa kambi. Mwezi ulioisha ndio alioondoka."

Maganga aliishusha kamba begani. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula kidogo."

"Na miguu yake? Ilikuwa inamsumbua wakati wa mvua."

"Ilikuwa inamsumbua."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata habari alizozifuata.

Tulirudi mpaka stesheni ya Itigi. Barua ya ruhusa niliiandika mimi mwenyewe, na niliiandika vizuri kuliko barua yoyote, kwamba aliyeibeba ni Maganga wa Ipululu, mume wa Kalunde, anaruhusiwa kwenda popote. Sikuwa na mamlaka ya neno popote. Gari moshi la kwenda pwani lilikuwa bado. Tukakaa kwenye benchi, nikalitoa daftari kwenye gunia, nikafungua ukurasa, nikachora mstari mwekundu juu ya lile neno.

"Sasa utaandika nini?" akaniuliza.

Nikamsomea maneno ya jaladani. Amehama, akatikisa kichwa. Ametoroka, akacheka kidogo, mara ya kwanza. Nikamwongezea ya Mzee Salumu, ambayo hayaruhusiwi. Amehamishwa. Amechukuliwa. Wametawanyika.

"Hilo la mwisho lina ukweli," akasema. "Lakini ukiandika hivyo, imekwisha. Mtu akisoma atafunga kitabu. Andika tunatafutana."

"Hilo halimo."

"Najua halimo. Wewe ndiye uliyeshika kalamu."

Nikaandika: Wanatafutana. Safu ilikuwa nyembamba, ikabidi herufi za mwisho zishuke kwenye ukingo. Gari moshi likaja, akapanda na kamba yake. Kondakta alimwambia kamba iende kwenye behewa la mizigo, akakataa, wakabishana mpaka gari likaanza kwenda na wote wawili bado wamesimama mlangoni.

Bomani nilikaripiwa kwa ajili ya neno hilo, na sikulifuta. Mzee Salumu alifariki mwaka uliofuata. Aliishika kazi hii mpaka mwisho kwa kuniambia, kitandani, kwamba kidau changu bado nakijaza mno. Mimi tangu hapo sijaandika mtu siku ya kwanza. Wakubwa waliniita mzembe. Sifa yangu ya haraka iliondoka nami sikuifuata.

Nilianza pia kuandika barua kwa makarani wa mashamba ya mkonge, mmoja baada ya mwingine, kwa wakati wangu mwenyewe. Wengi hawakujibu. Maganga alinitumia habari mara mbili, ameandikiwa na watu tofauti, kutoka mashamba mawili yaliyo mbali mbali. Katika yote mawili aliambiwa mwanamke wa namna hiyo alikuwepo, amekwishahama. Akasema anakwenda shamba la tatu. Hakunitajia jina la shamba hilo, na barua nyingine haikuja.

Baada ya muda mrefu nilipata jibu moja, kutoka kwa karani mwenzangu wa shamba moja la huko, mtu muungwana, mwandiko wake umenyooka. Niliisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Nilikuwa nimempata Kalunde, na yule wa kumpelekea habari sikuwa najua tena pa kumpata. Nanakili maneno yake kama alivyoyaandika:

"Mwanamke uliyeniuliza yupo hapa, anapika katika kambi ya wakata mkonge, ni mzima ila miguu. Kuhusu mtu anayemtafuta, nimemsihi mara nyingi anipe jina ili nitangaze katika mashamba yote ya jirani, hata jumbe wa kambi amemsihi. Anakataa. Anasema mtu huyo bado yuko juu ya mti."